Wa Kwetu Wangoje

Mutinda Nzioka alikuwa na maradhi ya kupenda utaratibu, na maradhi hayo hayana dawa. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza ghala la hoteli moja kubwa ya Diani, na mpaka leo atakusimulia, utake usitake, kwamba muda huo wote hakikupotea hata kijiko cha chai. Alipostaafu alirudi shambani kwake Shimba Hills, kwenye michungwa aliyoachiwa na marehemu baba yake, akakaa miezi mitatu akipanga majembe kwa urefu na madebe kwa rangi. Mkewe Kaindi akachoka.

"Baba Munee," alimwambia, "nenda ukatafute watu wa kuwapanga. Mimi na kuku tumeshapangika."

Ndivyo alivyojiunga na Klabu ya Huduma ya Kombani.

Klabu yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na watu kumi na tisa waliokutana kila Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha hoteli ya chai pale Kombani, na nje magari ya kupanda Kwale yalikuwa yakipiga honi hata mtu asisikie hoja yake mwenyewe. Katibu wao alikuwa Bi Biasha, mkunga mstaafu wa Kidigo, mwanamke mnene wa kicheko cha haraka ambaye nusu ya vijana wa eneo lile waliingia duniani kwa mikono yake. Usafiri ulikuwa wa Kombe, muuza dawa za mifugo, aliyekuwa na pikapu nyeupe na tabia ya kutokataa akitumwa. Walipanda mikoko, walitengeneza madawati, walipeleka unga na sukari kwenye matanga. Lakini kilichowapa jina, mpaka mtu wa Mackinnon Road akipata tatizo la macho huambiwa awatafute, ni kambi ya macho ya kila Agosti.

Kambi ilifanyika katika shule moja ya msingi Msambweni, wanafunzi wakiwa likizo. Madaktari walikuja kutoka Mombasa na mashine zao kwa siku mbili. Siku ya kwanza watu walipimwa, na arobaini wenye mtoto wa jicho wakapasuliwa. Walilala madarasani juu ya magodoro, wamejifunika mashuka makuukuu yaliyotolewa na hoteli za Diani, na asubuhi yake wakafunguliwa bandeji. Kazi nyingine zote zilikuwa za klabu. Wanachama walipeleka matangazo misikitini na makanisani, waliandika majina, waliwafuata wazee vijijini, waliwashika mikono kuwapeleka msalani.

Kaindi hakuwa mwanachama, ila ndiye aliyewalisha wote. Tangu mwaka mumewe alipojiunga, alisimama nyuma ya darasa la nne na masufuria matatu: maharage, ugali, na chai ya tangawizi ambayo madaktari waliisifu kila walipokuja. Hakuombwa kufanya hivyo, na mkitaka kweli, hakuna aliyekumbuka kumshukuru.

Sasa nifike kwenye kanuni.

Mutinda alichaguliwa mwenyekiti Juni, na kikao chake cha kwanza kilikuwa cha kupanga kambi. Orodha ikasomwa. Jina la tatu lilikuwa la mzee Menza, mjomba wake Kombe, aliyekuwa hajui mchana wala usiku. Mutinda akasimama, akavaa miwani, akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandika nyumbani kwa herufi kubwa.

"Watu wanasema," alianza, "kwamba klabu hii inajitibu yenyewe kwanza. Nimelisikia Ukunda, nimelisikia hata kanisani. Kwa hivyo naleta kanuni. Jamaa wa mwanachama yeyote wa kamati asiandikwe, asipimwe, wala asikae foleni ya kambi, mpaka mwanachama huyo atoke kwenye kamati. Wa kwetu wangoje."

Kombe alikuwa kwenye kamati. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti, mzee Menza ameandikwa kwa zamu yake kama watu wengine. Mwaka jana alikosa nafasi, na mwaka juzi alikosa. Mimi sikumpenyeza."

"Sijasema umempenyeza. Nasema ni mjomba wako."

"Basi nitoke mimi kwenye kamati."

"Na pikapu itoke nawe?" aliuliza Mutinda, na watu wakacheka. Nilivyoambiwa, hata Bi Biasha alicheka, ingawa baadaye alisema hakucheka.

Wakapiga kura. Mikono kumi na saba iliinuka. Mutinda akachukua rula, akalikata jina la mzee Menza kwa mstari ulionyooka vizuri, kisha akamwomba Kombe athibitishe kwamba pikapu itakuwapo kambini. Ilikuwapo. Mzee Menza alifariki mwezi wa Februari bila kumwona kitukuu wake, na klabu ikaenda matangani na unga na sukari, Mutinda mbele.

Tusimwonee. Kanuni yenyewe haikuwa mbaya, na ni kweli watu walikuwa wakisema. Ubaya ulikuwa jinsi alivyoipenda. Aliitaja harusini, aliitaja kwa chifu, aliwasomea hata wajukuu. Ilikuwa yake kama vile ghala lilivyokuwa lake, na funguo alikuwa nazo yeye.

Mwaka uleule wa kanuni Kaindi akaanza kujigonga.

Kwanza ilikuwa mwimo wa mlango wa jikoni, bega la kulia, kila siku mahali palepale. Halafu akakanyaga kifaranga. Halafu akawa anamimina chai kando ya kikombe, chai inatiririka mezani naye anaendelea kumimina. Mutinda akamtania. Alimwambia amelewa tangawizi, akamwambia macho yake yamestaafu kabla yake. Kaindi naye alicheka, kwa sababu walikuwa wamezoea kucheka pamoja, miaka thelathini na sita ya ndoa si mchezo.

Aliyeacha kucheka ni binti yao Winrose, mdogo wake Munee. Yeye alikuwa na kibanda cha chakula Mackinnon Road, akiwapikia madereva wa malori, na Desemba ile alikuja nyumbani kwa Krismasi. Alimtazama mama yake akiweka sahani ya wali pembeni mwa meza, hewani, sahani ikaanguka na kuvunjika, na mama akabaki ameshangaa kana kwamba meza ndiyo iliyokimbia.

"Baba," Winrose alisema, "mama haoni. Mpeleke hospitali."

"Nitamwangalia."

"Utamwangalia wewe kama nani?"

Swali zuri hilo, ila halikumzuia. Mutinda alikuwa amesimama nyuma ya madaktari kambi tano, akiwashikia tochi, akisikia kila neno. Alimkalisha Kaindi kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, akachukua tochi, akamvuta ukope kwa kidole gumba kama alivyowaona wakifanya. Tazama juu, mama. Tazama chini. Akaona ukungu kidogo kwenye mboni, ukungu ambao angeuona kwenye jicho la mtu yeyote aliyevuka miaka hamsini na mitano, angeuona hata kwenye jicho lake mwenyewe kama angejiangalia kwenye kioo.

"Ni mtoto wa jicho," alitangaza. "Na hajaiva."

"Una hakika?" Kaindi aliuliza.

"Mama Munee, mimi nimeona macho mangapi? Mtoto wa jicho hana haraka. Madaktari wanasema kila mwaka: akitolewa leo, akitolewa mwaka ujao, mtu huona vilevile. Muda wangu wa uenyekiti unaisha Juni ya mwaka kesho kutwa, si huu ujao, ule mwingine. Agosti ile utakuwa wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza kabisa."

"Na hospitali ya Mombasa?"

"Tuhangaike Mombasa kufanya nini, na madaktari wenyewe ni walewale wanaokuja Msambweni?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Mwenyekiti wa kambi ya macho, mkewe akionekana foleni ya hospitali Mombasa, watu wangesema nini? Alilifikiria hilo, akalimeza. Winrose akarudi kwa malori yake amenuna.

Ikaja Agosti ya pili ya uongozi wake. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wamefika kabla ya saa mbili asubuhi, wamejaa chini ya maturubai, vipofu na wenye kuona nusu, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Nyuma ya darasa la nne Kaindi alikuwa na masufuria yake. Bi Biasha alikwenda kuomba chai, akashika kikombe, na Kaindi akamimina chai ya moto juu ya vidole vyake.

Mkunga ni mkunga. Bi Biasha hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akajifuta kwa leso, akamshika Kaindi kidevu, kisha akanyanyua mikono yake miwili akaipeleka kando ya masikio ya Kaindi na kuchezesha vidole.

"Mama Munee, nitazame mimi usoni. Waviona vidole vyangu?"

"Viko wapi?"

Bi Biasha akavisogeza mbele, mbele zaidi, mpaka vikawa karibu kugusa pua.

"Haya, sasa naviona," Kaindi alisema.

Bi Biasha akaenda kwa Mutinda mbio, na yeye si mtu wa mbio. Alimkuta mlangoni pa chumba cha kupimia, na Kombe alikuwa hapohapo akishusha pipa la maji.

"Mwenyekiti, mkeo haoni pembeni hata kidogo. Huyo si mtoto wa jicho, wallahi, mtoto wa jicho hafanyi hivyo. Mwache apimwe. Kupimwa tu. Hakuli nafasi ya mtu."

Mutinda akamtazama Kombe, na Kombe akamtazama yeye.

"Kanuni inasema asipimwe," alisema Mutinda.

"Mimi sijasema neno," alisema Kombe. Na kwa kweli hakuwa amesema.

Mnaona lilivyokuwa? Laiti Kombe asingekuwapo pale na pipa lake. Laiti mzee Menza angekuwa hai. Lakini Mutinda alikuwa amelikata jina la mjomba wa mtu kwa rula, na yule mtu alikuwa amesimama mbele yake amelowa maji, hajalalamika hata mara moja. Angemweleza nini?

Yapata saa nne, Mutinda alikuwa akipita kwenye foleni ya kupimwa, akihesabu vichwa kama kawaida yake. Alipofika katikati, kati ya mzee mmoja wa Lungalunga na mwanamke wa Kinango, aliona mtu ameketi kitini, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Aliijua leso. Alikuwa ameinunua yeye.

"Mama Munee."

Kaindi hakugeuka. Mutinda alikuwa amesimama upande ambao jicho la mkewe halikuwa na habari nao.

"Mama Munee, inuka."

Hapo akaijua sauti. "Baba Munee," alisema polepole, ili wa jirani wasisikie, "nipimwe tu. Siombi kupasuliwa. Nipimwe nijue nina nini, nirudi kwenye masufuria."

Angeweza kumjibu vilevile polepole. Angeweza kupita kana kwamba hakumwona. Na hapa ndipo huruma yangu kwake inapokatika, kwa sababu alinyanyua sauti, tena kwa makusudi, watu wote wasikie.

"Huyu ni mke wangu!" alisema. "Mke wangu wa ndoa! Na hatapimwa. Kambi hii ni yenu, si yetu. Wa kwetu wangoje!"

Watu walipiga makofi. Yule mzee wa Lungalunga alinyosha mikono akamwombea dua, akisema viongozi wa namna hii wamebaki wachache. Kaindi aliinuka, akaweka mkono kwenye bega la mwanamke wa Kinango ili apate kujua njia iko wapi, akarudi nyuma ya darasa la nne. Alipika mpaka kambi ikaisha. Maharage hayakuungua, na chai ilitosha watu wote.

Baada ya hapo hakulitaja tena jambo lile. Mutinda alijua kuna kitu, si mjinga, ila alijiambia ni hasira ya kawaida na itapoa. Yeye alikuwa akihesabu miezi. Mwenziwe alikuwa akifungiwa dunia kidogo kidogo. Kaindi aliacha kwaya, akasema ngazi za kanisa zimekuwa nyingi. Aliacha kuchuma machungwa. Aliacha kwenda kwa jirani bila mtu wa kufuatana naye, na akiulizwa alijibu kwamba amechoka. Alianza kugeuza kichwa kizima kutafuta kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu, akichungulia kama mtu aliyewekwa nyuma ya tundu la kufuli. Machi aliacha kumimina chai, na Mutinda akawa anamimina yeye, akifurahi moyoni kwamba imebaki miezi mitano tu.

Juni ikafika, akakabidhi uenyekiti kwa Bi Biasha. Walimsifu sana. Mmoja alisema kambi haijawahi kuwa na heshima kama katika miaka yake miwili. Na kabla kikao hakijafungwa Bi Biasha akafungua daftari jipya, akaandika nambari moja: Kaindi Mutinda. Hakumtazama mtu alipoandika.

Mutinda alipanda nyumbani amejaa furaha. "Wa kwanza!" aliita tangu mlangoni. "Nilikuambia nini? Wa kwanza kabisa!"

"Wa kwanza?" Kaindi aliuliza. Alikuwa ameelekeza uso kwenye ukuta.

"Wa kwanza."

"Haya."

Siku ya kambi Mutinda alimpigia pasi gauni lake la kanisani, akamshika mkono kutoka nyumbani mpaka Msambweni. Wapishi safari hii walikuwa wengine. Kaindi aliketi kwenye kiti cha kwanza, mbele ya mlango, na Mutinda akasimama nyuma yake kama bwana harusi. Daktari wa mwaka ule alikuwa mgeni, msichana wa Kilifi aitwaye Cynthia, mchapakazi, asiyemjua mtu yeyote pale. Alikuwa akipimia uani kwenye mwanga, watu wote wakiona.

Aliweka matone. Akangoja. Akaangalia jicho la kulia kwa chombo chake, akaangalia la kushoto, akarudi la kulia. Akamwita mwenzake, naye akaangalia, akarudi kwa wagonjwa wake. Halafu daktari akavuta kiti, akaketi, akaushika mkono wa Kaindi, na Mutinda aliyeshika tochi kambi nyingi alijua kwamba daktari mwenye habari njema haketi.

"Mama, huyu si mtoto wa jicho. Hii ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi. Hula mshipa wa jicho kuanzia pembeni, ikienda katikati, na kilicholiwa hakirudi. Siwezi kukupasua, hakuna cha kutoa. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebakiwa na tundu dogo. Nitakupa dawa ya matone, tulilinde tuwezavyo, lakini sitakudanganya. Limechelewa. Huenda likafika mwaka mpya, huenda lisifike."

Kaindi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali anapopajua.

"Ulianza lini kujigonga?"

"Inafika miaka miwili, zaidi kidogo."

"Miaka miwili!" Daktari aliachia pumzi. "Mama, ungekuja mwaka jana tu. Mwaka jana hii kambi ilikuwa hapahapa! Kwa matone tu ningekuokolea jicho hili, na pengine nusu ya lile. Hukumwambia mtu?"

Kila mwanachama aliyekuwa karibu alisikia. Bi Biasha alikuwa na daftari, kalamu ikamganda mkononi. Kombe alikuwa ameshika ule ubao wenye herufi za kusomesha wagonjwa. Wote walikuwapo mwaka jana, wote waliyasikia yale makofi, na baadhi ya makofi yalikuwa yao.

"Sikumwambia mtu, daktari," Kaindi alisema.

"Hata mumeo?"

"Hata mume wangu. Nilidhani ni uzee."

Daktari Cynthia alisikitika, na masikitiko yake yakawa ukali, kama inavyowatokea vijana. Alisimama akawageukia watu. "Jamani, mwamwona mama huyu? Amekaa na ugonjwa wake kimya miaka miwili, na tiba ilikuwa mlangoni pake. Msifanye hivi! Mtu akiona macho yanabadilika, aseme! Ukinyamaza unajipofusha mwenyewe."

Watu mia tatu, wengine wanaona na wengine wameelekeza masikio, wakamgeukia Kaindi. Palisikika minong'ono ya kusikitika na kulaumu. Mwanamke mmoja karibu na turubai alifyonya, akamwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, kwamba kuna wanawake wajinga duniani.

Mutinda alifungua kinywa. Maneno yalikuwa matatu tu, "aliniambia, aliniambia mimi," na hayakuwa mazito kuyabeba. Safari hii hakukuwa na kanuni yoyote ya kumzuia. Hakuwa mwenyekiti, hakuwa na orodha, hakuwa na kitu mkononi isipokuwa mkoba wa mkewe. Aliogopa, basi. Aliwaona wale watu wote na akaogopa kama mtoto, akafunga kinywa. Bi Biasha akajifunika uso kwa daftari, akalia. Kombe akauweka ubao chini, akaenda kuwasha pikapu.

Aliwapeleka mpaka nyumbani, mwendo mrefu. Walipofika langoni Kombe alizunguka, akamfungulia Kaindi mlango, akamteremsha kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Mungu akupe nguvu."

"Asante, mwanangu. Pole nawe kwa mjomba wako, ulichelewa kuambiwa."

Mutinda akamfuata Kombe upande wa pili wa gari. "Kombe, ile habari ya mzee Menza..."

"Usimtaje," Kombe alisema. Hakusema kwa ugomvi. Aliingia ndani ya gari akaligeuza.

Jua lilikuwa la saa tisa, limejaa uani. Kaindi alipapasa kigoda, akaketi mlangoni, akasema, "Baba Munee, njoo usimame hapa mbele. Sogea kushoto. Kidogo tena. Hapo, usitikisike."

Akamtazama. Ilimbidi amtazame kwa vipande, kwa sababu lile tundu halikutosha uso mzima: paji la uso, kisha jicho moja, kisha jingine, akashuka kwenye mdomo, akakaa hapo muda mrefu. Mutinda alitaka kugeuza uso, hakuthubutu.

"Umezeeka," alisema Kaindi.

"Nimezeeka."

"Sikukuona ukizeeka."

Mutinda akapiga magoti mavumbini. Alilia kwa sauti, yeye aliyelia mara moja tu katika maisha yake, siku ya kumzika baba yake. "Kaindi, mke wangu, nimekuua. Nimekuua kwa mdomo wangu. Na bado umenisitiri mbele ya watu. Sistahili. Sistahili unisitiri."

"Nani amekusitiri?" Sauti yake haikupanda. "Simama, utachafua suruali. Sikukusitiri wewe, nimejisitiri mimi. Yule binti ameniuliza kama nilimwambia mtu. Ningemjibu nini? Kwamba nilimwambia mume wangu? Kwamba niliketi kwenye kile kiti, nikamwomba mbele ya watu, akaniinua, wakampigia makofi, nami nikaenda kuwapikia? Hapana, Baba Munee. Heri waniite mjinga. Mjinga huonewa huruma. Sikutaka wajue kwamba mimi ni mtu ambaye mumewe anaweza kumweka mwisho na bado akalala usingizi."

Mutinda alijifuta machozi kwa mkono, magoti yake bado mavumbini.

"Nataka maji," Kaindi alisema, akainuka.

Mutinda akasimama haraka, akamnyoshea mkono amshike, akaufungua kabisa, kiganja juu. Alikuwa amesimama upande wake wa kulia. Kaindi akapita. Vidole vyake viligusa ukuta, vikaufuata ukuta mpaka kwenye mwimo wa mlango, vikaupapasa mwimo kutoka juu mpaka chini, na akaingia jikoni peke yake. Ikasikika sauti ya kata ikitafutwa ndani ya mtungi.

Mutinda alibaki amesimama juani na mkono wake. Hakujua, na hajui mpaka leo, kama mkewe hakuuona ule mkono au aliuona akaupita. Kumwuliza hajathubutu.